Vikombe Viwili Chini ya Kisahani

Ilianza Jumanne, saa kumi na robo alasiri. Nakumbuka muda kwa sababu niliposukuma mlango niliisikia saa ya ukutani, na si kawaida kuisikia. Kwetu Muhima, hapa Kigali, chumba cha mbele ndicho Mama alichoshonea nguo za watu, na muda ule cherehani yake hufunika kila sauti. Siku ile ilikuwa kimya. Mama amekaa nyuma yake, mkono wa kushoto ameulaza mapajani kama mzigo wa mtu aliyemwomba amshikie.

"Sauda, funga mlango. Njoo unisaidie kuvua hii blauzi, mkono umegoma."

Nikafunga. Nikamvua. Ndani ya blauzi alikuwa amejishonea kitambaa cha vipande vya kitenge, tabaka tatu, kwa mishono midogo mizuri kama ya gauni la bibi harusi, na nilipokitoa nikaona kilichokuwa kinafichwa. Ziwa lilikuwa limepasuka. Harufu ikatoka. Sikusema kitu. Mimi ni mtu wa kutosema kitu.

Baadaye ndipo nikauliza, "Tangu lini, Mama?"

"Tangu Idi."

"Idi ipi?"

Akatazama cherehani. "Ile ya nguo za njano."

Nguo za njano tulivaa nikiwa kidato cha pili. Sasa nilikuwa cha nne. Nikakumbuka kwamba tangu wakati ule alikuwa anajishonea magauni mapana, na mimi nikimtania kwamba anataka kuwa mkubwa kama Shangazi.

"Usimwambie baba yako," akasema. "Yuko njiani, asije akapata ajali kwa mawazo." Baba ni dereva wa lori, njia ya Dar, na kwetu kila habari mbaya husubiri mpaka avuke mpaka wa Rusumo.

Naandika haya kwa sababu nimeombwa, na kwa sababu najua sasa hivi kuna mtu kama mimi amesimama nyuma ya mlango uliofungwa, ameshika blauzi ya mama yake, hajui aanzie wapi. Darasani sauti yangu hawaijui. Kwenye daftari naweza. Mambo ya kitabibu sitayaeleza, siyajui vizuri. Nitaeleza tulivyokaa.

Tulikaa sana. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya ugonjwa huu, kukaa. Kituo cha afya, benchi. Hospitali ya wilaya, benchi. Unangoja karatasi ya transfa ikupeleke hospitali kubwa, na ukifika huko unakuta benchi refu kuliko yote. Mvua za vuli zilikuwa zinanyesha, na kila aliyeingia alikung'uta mwavuli miguuni mwetu. Mama alikuwa anabeba sindano na uzi. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, basi mimi namshikia nguo, yeye anapiga pindo. Siku ya tatu wanawake wa kwenye benchi walishamjua. Mmoja kifungo kimekatika, mwingine zipu ya sketi. Muuguzi alipoita jina la Mama, "Zaina!", mwanamke mmoja akajibu, "Mngojee kidogo, ananimalizia kola." Watu wakacheka. Nakumbuka kile kicheko kwa sababu tulipotoka ndani na neno saratani hatukucheka tena mpaka wiki ikaisha.

Mionzi ilianza wakati shule zimefungwa kwa Krismasi. Nilishukuru, aibu yangu ni kwamba nilishukuru kwa ajili ya shule na si kwa ajili ya dawa. Kila asubuhi basi mpaka ng'ambo ya pili ya mji. Mzunguko wa barabara wa Sonatubes ulikuwa alama yetu. Pale magari hujaa, honda za abiria, yaani pikipiki, zinapenya kulia na kushoto, na basi husimama likitetemeka. Ikiwa tumepita Sonatubes Mama hajatapika, siku ni nzuri. Nilibeba mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na limau la kunusa.

Mwili wake ukabadilika mbele yangu. Mkono ukavimba mpaka bangili zikakatwa kwa koleo na jirani fundi baiskeli, aliyezikata huku amegeuza uso. Ngozi ya kifua ikawa nyeusi, ikabanduka. Mashavu yakaisha. Kitu kilichonichosha kuliko vyote ni harufu. Nilifua, nilichoma udi, nilifungua madirisha, na wateja bado walisimama mlangoni wakisema, "Mama Sauda, nitarudi kesho." Hawakurudi.

Mwisho wa mionzi daktari alisema maneno ya upole marefu, na maana yake ilikuwa twende nyumbani.

Nilidhani nyumbani maana yake tumeachwa. Lakini Jumanne iliyofuata honda ilisimama mlangoni, akashuka mwanamke mfupi mwenye kofia ya pikipiki na mkoba mgongoni. Ndiye Sista Donatila. Si mtawa, ni muuguzi, wote tunawaita sista. Alikuwa anasomea kutunza wagonjwa ambao hawatapona, maumivu yao yapungue, wakae kwao. Wenzake kutoka nchi za jirani walikuwa wanakuja Kigali kujifunza kazi hiyo hiyo, na yeye alikuwa na utafiti wake juu ya familia zinazotoa dawa nyumbani. Kiswahili chake ni cha Kigali kabisa.

"Mama Sauda, komera," akasalimu, jipe nguvu. "Kidonda iko wapi? Nionyeshe, mimi sikimbii."

Hakukimbia. Alisaga vidonge viwili kwa mgongo wa kijiko mpaka vikawa unga, akanyunyiza kwenye kidonda, akafunga kwa kitambaa cha Mama mwenyewe. "Hii kitambaa nani ameshona? Ni nzuri kuliko ya hospitali." Siku mbili baadaye harufu ilikuwa imekwisha. Yaani, miezi yote ile, udi wote ule, na dawa ilikuwa kusaga vidonge. Kama una mgonjwa wa hivi, usione haya, uliza habari ya harufu. Hakuna atakayekuambia usipouliza.

Halafu akatoa chupa. Morfini, dawa ya maumivu makali, maji machungu kama mwarobaini. Mililita tano kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni. Ya saa nne usiku ni mara mbili, ili mgonjwa asiamshwe katikati. Akanifundisha kuvuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kumimina kwenye vikombe vidogo vya plastiki. Shangazi Mwajuma, dada yake Baba, alikuwa amekaa pembeni amekunja mikono.

"Wifi, hiyo si ndiyo dawa ya kulevya? Itakufanya mlevi uzeeni."

Mama akasema, "Uzee upi, wifi?"

Sista akainama kutafuta kitu mkobani.

Alichokuwa anatafuta kilikuwa daftari. La kawaida tu, la kurasa tisini na sita. Alimsomea Mama karatasi ya utafiti, akamwambia anaweza kukataa na dawa ataendelea kupata, Mama akatia sahihi. Kisha akanigeukia. "Nasikia wewe unapenda kuandika." Akapiga mistari. Upande mmoja saa za dawa, ambapo nitatia alama ya vema akishakunywa. Upande wa pili maumivu, kwa vidole. Ngumi ni sifuri. Kidole kimoja ni kidogo. Mkono wote wazi ni maumivu yasiyovumilika. "Muulize, ngoja, hesabu, andika. Usikisie."

Nililipenda lile daftari. Mama hakuwa mtu wa kulia wala kulalamika, ukimuuliza husema sawa, hata Baba, aliyeshajua na kurudi njiani, akipiga simu Mama anatuagiza tumwambie sawa. Lakini vidole vilisema. Wiki ya kwanza ilikuwa vinne, vitatu, viwili. Mwisho wa wiki ya pili alikunja ngumi, akaitazama yeye mwenyewe kama anaishangaa, akaniomba nimsukumie kiti karibu na cherehani. Akashona foronya moja. Ilikuwa imepinda. Nimeiweka.

Kisha ikaingia Ramadhani.

Imamu alishapita nyumbani akasema mgonjwa wa namna hii hana deni la kufunga. Shangazi akasema hivyo hivyo, tena kwa ukali. Mama akaitikia. Asubuhi ya siku ya pili nilimimina vikombe viwili kabla ya kwenda shule, cha saa nne na cha saa nane, nikavifunika kwa kisahani juu ya meza ya cherehani. Niliporudi vilikuwa vimejaa.

"Mama, hukunywa."

"Nimefunga."

"Imamu amesema..."

"Nimemsikia imamu. Sauda, mwanangu, hii ni Ramadhani yangu ya mwisho. Unajua na mimi najua. Niache niifunge."

Midomo yake ilikuwa mikavu na mkono wa kulia ulikuwa wazi juu ya goti, vidole vyote vitano, bila kuulizwa.

"Na dawa?"

"Tutailipa jioni. Swala ikikupita unailipa, au siyo? Na Sista mwenyewe amesema mara mbili inawezekana." Akashusha sauti. "Shangazi yako asijue. Na kwenye daftari weka alama. Sitaki yule binti wa watu apate taabu kwa mtafiti wake."

Akamaanisha mwalimu wake. Ndivyo tulivyofanya. Dawa ya asubuhi aliinywa na daku. Adhana ya magharibi ikitoka, tende moja, maji, kisha nachanganya vikombe viwili vya mchana na cha jioni, vitatu kwa pamoja, anakunywa kwa bismillahi. Akilala mapema tulifurahi. Nami kila siku nikatia alama ya vema saa nne, nikatia saa nane. Upande wa vidole niliandika ukweli, maana nilijiambia uongo wa upande mmoja unatosha.

Nyumba yetu ilikuwa imejaa siri mwezi ule. Siku zangu zilipofika, ambazo msichana hafungi, nilikula mkate nimejifungia chooni nisimuudhi Mama, aliyekuwa anafunga kwa siri. Nilikuwa natafuna polepole nisisikike. Nilichoka, sijui nisemeje. Nilisinzia kwenye somo la hesabu na mwalimu akadhani ni saumu.

Jumanne Sista akaja akafungua daftari. Akalisoma muda mrefu. Nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

"Dawa anakunywa zote," akasema. "Na kila saa kumi maumivu ni tano, tano, tano. Basi hii dozi haitoshi." Akampigia daktari simu, wakaelewana. Kutoka mililita tano, sasa kumi. "Sauda, iko sawa? Kuna kitu unataka kusema?"

Mama alinitazama. Nikasema, "Oya." Hapana.

Jioni ile ile, adhana. Nikamimina kumi, na kumi, na kumi.

Alikunywa uji kidogo, akaegemea mto. Shangazi alikuja na sambusa, akaanza kusimulia ugomvi wa jirani wa bomba la maji, na mpaka anafika mwisho wa ugomvi Mama alikuwa hajaitikia hata mara moja. Ilikuwa saa moja na nusu.

"Wifi? Zaina!" Akamtikisa bega. Kichwa cha Mama kikaenda upande. Alikuwa anapumua, lakini pumzi moja, halafu kimya kirefu, halafu nyingine, kama mtu anayesahau na kukumbuka.

Namba ya Sista ilikuwa kwenye jalada la daftari. Mimi sipendi simu, hata kuagiza maziwa hutuma ujumbe. Nilipiga. Nikasema, "Mama haamki."

"Humura," akasema, usiogope. "Mkalishe. Mwite jina, msugue kifuani kwa ngumi, upande mzima. Hesabu pumzi dakika moja." Nikahesabu kwa saa ya ukutani huku Shangazi anamwinua. Zilikuwa nane. Nikamwambia.

"Sikia Sauda. Amekunywa ngapi leo, na saa ngapi?"

Shangazi alikuwa ananitazama juu ya kichwa cha Mama. Mama alikuwa hapo hapo mikononi mwake, amefumba macho, na nilikuwa nimemwahidi. Nikafikiri: nikisema, akiamka hatanisamehe. Kisha nikafikiri: akiamka.

"Thelathini," nikasema. "Zote mara moja, saa kumi na mbili na robo, mbali na tano za daku. Mchana hakunywa. Anafunga. Wiki nzima hakunywa mchana, ile alama niliweka mimi, ni uongo."

"Ya Rabi," Shangazi akasema.

Sista hakusema ya Rabi wala Mungu wangu. Alisema, "Vizuri. Sasa najua. Usimpe kitu kingine. Endelea kumwita jina. Ninakuja na gari ya hospitali."

Tulimwita. Shangazi alimwita wifi, alimwita Zaina, mwisho akawa anamtukana kwa upendo, "Wewe mkaidi, mkaidi tangu unaolewa, amka nikugombeze." Mimi, nisiyepaza sauti, nilipaza mpaka jirani fundi baiskeli akagonga dirisha.

Sista alifika, akapima, akakaa karibu naye. Alisema akizidi kushuka tutakwenda naye, gari lilikuwa linangoja nje. Hakushuka. Pumzi zikawa tisa, kumi, kumi na mbili. Ilipogonga saa tatu Mama alifungua macho, akamwona mgeni kwenye kiti cha cherehani.

"Sista," akasema kwa ulimi mzito. "Umefuturu?"

Sista, Mkristo wa watu, akatazama sahani ya sambusa, akachukua moja, akala huku machozi yanamtoka.

Nikadhani yameisha, kumbe kwangu yalianza hapo. Mama hakunisemesha siku mbili. Nilimsafisha kidonda, nikampa dawa kwa saa zake, na yeye alifungua mdomo akanywa na kugeuzia uso ukutani. Siku ya tatu akasema, "Umenivua nguo mbele ya wifi yangu." Nikajibu, na sijawahi kumjibu mama yangu, "Bora uwe uchi na uhai." Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na kicheko kikamuuma, akaninyooshea vidole vitatu. Nikaviandika.

Sista alirudi si kwa kugomba. Alikaa mkekani, akafungua daftari mbele yetu sote wawili.

"Kosa yangu iko hapa," akasema. "Nilimfundisha mtoto kumimina dawa. Sikuuliza mwezi gani inakuja. Na nilisema usiku ni mara mbili, sikusema kwa nini mchana hairundikwi. Hii dawa haina deni. Ile imepita, imepita. Hailipwi kamwe. Sauda, nieleze hiyo daku. Ni saa ngapi? Mnakula nini?"

Nikamweleza. Daku, kama saa kumi na nusu alfajiri. Futari, kama saa kumi na mbili na robo. Aliandika kama mwanafunzi. Kisha akasema kuna vidonge vya dawa hiyo hiyo vinavyoyeyuka taratibu, asubuhi kimoja na jioni kimoja, ila havipatikani kila siku. Alivitafuta siku nne. Alipovileta alisema daktari amekubali, kwa masharti: maji ya kutosha usiku, kidole cha nne kikinyooka saumu inavunjwa, na nisiogope kumpigia.

"Unakubali?" akamuuliza Mama.

"Daku yangu na dawa yangu," Mama akasema. "Nakubali."

Sista akachukua rula akapiga mstari mpya kwenye daftari. Juu yake akaandika kwa kalamu nyekundu: *Hakunywa. Kwa nini?* Baadaye akaniambia kwamba alipokwenda kwa familia nyingine za Waislamu akauliza hivyo, aligundua kwamba si sisi peke yetu tuliokuwa tunaficha vikombe.

Kuanzia hapo Mama alifunga siku kumi na moja. Mbili kati ya hizo alizivunja, vidole vinne, saa tisa, na niliandika sababu. Siku ya Idi alivaa gauni pana la kijani. Hakuweza kukaa zaidi ya nusu saa, lakini alikaa hiyo nusu saa akiangalia watoto wa jirani wanavyopita na nguo mpya, akikosoa mishono. "Angalia ile kola. Nani kaharibu kitambaa cha watu?"

Baada ya Idi ziliingia mvua za masika, nzito. Vidonge vilipokosekana tulirudi kwenye chupa, kila baada ya saa nne, na nilikuwa nimeshajua kumimina kama ninavyojua jina langu. Baba alivuka Rusumo akaegesha lori, hakuondoka tena. Mama alifariki mvua zilipokuwa zinaisha, saa tano asubuhi, jua limetoka kidogo. Saa nne nilikuwa nimemuuliza kama kawaida. Alikuwa hasemi tena. Alikunja mkono, ngumi, akauacha hivyo. Nikaandika sifuri. Ndio mstari wa mwisho.

Sitasema kwamba ilikuwa rahisi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba siku ya tatu ya matanga nililala chini ya meza ya cherehani, watu wanapita, wanasema "mwihangane", poleni, mimi nimelala. Lakini hakufa akiwa amefungua mkono wote. Kuna wengi wanakufa hivyo, Sista ameniambia, kwa sababu tu hakuna aliyewafundisha walio nyumbani, au hakuna aliyewauliza.

Mwezi wa sita aliniomba niende kwenye darasa lao. Wauguzi wa Bujumbura, wa Goma, wa Bukoba, wa Mbarara, wanakuja kujifunza, na lugha wanayokutana nayo wote ni Kiswahili. "Waeleze wewe," akasema. Nikasema siwezi. Akasema najua, njoo tu.

Nilisimama mbele. Kweli sikuweza. Watu ishirini hivi wananitazama, feni inazunguka. Sista akaja akanishikisha daftari. "Soma tu." Nikafungua ukurasa wa Ramadhani, ule wa uongo, nikasoma: saa nne, vema. Saa nane, vema. Saa kumi, vidole vitano. Nikasoma siku zote saba. Kufikia ya nne walikuwa wameacha kuandika. Sista akamalizia kwa kuwasimulia ile jioni ya simu.

Muuguzi wa Goma, baba mzima mwenye sauti ya kanisani, akainua mkono. "Dada, unipatie ruhusa. Ile siku, juu ya nini ulisema kweli?"

Nilifikiri. "Kwa sababu aliniuliza ngapi na saa ngapi," nikasema. "Hakuniuliza nani amekosa."

Wakaandika hilo. Kisha dada wa Bukoba, aliyechelewa kuingia, akauliza kwa upole mama anaendeleaje sasa. Feni ikazunguka. Nikawaonyesha ngumi, nikasema amefariki, na kwamba mstari wa mwisho ni huu. Akafunika mdomo. Nikamwambia si kitu, dada, ni vizuri kuuliza.

Jambo moja sikuwaambia. Mgonjwa akifariki dawa iliyobaki hurudishwa hospitali, tuliambiwa tangu siku ya kwanza. Mimi sikurudisha. Chupa ilikuwa kwenye droo ya cherehani, nyuma ya mabobini ya uzi, na kila nilipofungua droo nilijiambia kesho. Niliogopa kwamba ikiondoka, saa nne itafika na sitakuwa na kazi.

Asubuhi iliyofuata niliifunga chupa kwa kipande cha kitenge, nikachukua daftari, nikaenda kabla ya shule. Mfamasia, kijana mwenye miwani, aliimimina kwenye kipimo cha kioo, akainama mpaka macho yakawa sawa na mstari. "Mia moja arobaini." Nikafungua ukurasa wa mwisho, ule wa hesabu ya dawa iliyobaki, nikamgeuzia. Nilikuwa nimeandika mia moja arobaini. Akatia sahihi, nami nikatia chini yake, akaniuliza kama nataka chupa tupu, nikasema hapana.

Nilifika shule kipindi cha pili kimeanza. Mwalimu alikuwa amesimama na rejista, akauliza bila kuinua kichwa, nani hakuwepo kipindi cha kwanza.

Nikanyoosha mkono.